Bi Moza wa Tibirinzi na Tungule za Wambaa

"Umezikwangua tena mbegu, Moza."

"Kula, mwenzangu. Tungule haisubiri."

"Vipande vyote vitupu, kama vimepigwa fagio. Hata mbegu moja hukuniachia."

"Si useme alhamdulillahi. Wenzio hawapati hata maganda."

Ndivyo walivyokuwa wakiamkiana kila msimu, marehemu Bi Moza binti Jabir na mke mwenzake Bi Asya, kwenye ua mmoja hapa Tibirinzi. Waliokuja hitmani leo wengi wanaujua ugomvi huo. Asiyeujua na akae asikie, maana bila ya huo wasifu wa Bi Moza ni mchuzi usiotiwa chumvi.

Bi Moza alizaliwa Wambaa, mwezi wa Agosti mwaka 1951, mtoto wa Mzee Jabir Abrahman na Bi Kazija. Mama yake ndiye aliyekuwa na mbegu ya tungule zile: nyanya pana, za mikunjo kama kilemba, unazikata vipande kama mkate na ndani zimejaa nyama. Zilikuwa kubwa, na hapa mtu asibishe. Ramadhani moja, tungule moja iliivia juu ya paa la banda. Muadhini akaiona inaning'inia nyuma ya makuti, nyekundu, akadhani ni jua linazama, akaadhini. Wambaa nzima ikafuturu, na siku ile wakailipa baada ya Idi.

Alisoma chuoni akaihitimu Kurani. Shule ya serikali aliingia akatoka. Mwalimu aliwaagiza watoto wapande maharage kwenye makopo, yeye akapanda tungule. Maharage ya wenzake yakaota, tungule zake zikaliwa na konokono. Akarudi kwao amenuna, akasema shule isiyojua kufukuza konokono haina la kumfunza, na hakuonekana tena darasani.

Mwaka 1970 aliolewa na Mzee Msellem Mmanga, mchukuzi wa mizigo bandarini Wesha, ambaye tayari alikuwa na Bi Asya. Bi harusi alikuja na sanduku, godoro, na mbegu zimefungwa kwenye pindo la kanga. Bi Asya alikusudia kumchukia, kama inavyopasa. Chuki ikamshinda siku alipoionja ile tungule kwa chumvi na ndimu.

Bi Moza alichuma karafuu na alisuka mikeka, lakini kazi iliyomla moyo ilikuwa tungule. Masika yakikatika alisia mbegu kwenye sufuria kuukuu, akaifunika kivuli cha makuti. Kila mwaka zilimuudhi. Mvua ya kuchelewa iliozesha majani, kima waliuma tungule hii wakaitupa wakauma ile, kama wanunuzi wa sokoni Chake. Alikuwa akiapa kuwa haoteshi tena, na msimu ukiingia utamkuta amechutama palepale, anasia na kulaani. Tungule ya kwanza kuiva kwenye mche wenye nguvu aliifunga uzi mweusi, isiguswe na mtu. Hiyo ndiyo ya mbegu. Aliikamua bakulini, akaiacha ichachuke, akaziosha mbegu na kuzifikicha na jivu.

Mbegu alimpa kila aliyeomba. Aliwapa watu wa Wesha, akampa bwana shamba, akampa hata mwanamke wa Unguja aliyepita kuuliza njia. Bi Asya peke yake ndiye aliyepewa vipande. Na Bi Asya hakukubali kuziomba kwa watu. Ataanzaje kufuata Wesha mbegu iliyoko uani kwake? Siku moja aliona mbegu imenata kwenye ganda. Akaificha shavuni, akatoka bila ya kuaga, akenda kuipanda. Ikaota, ikatoa majani, kuku akaila. Kuku wa nani? Wa Bi Moza. Bi Asya akadai haki yake, na jioni akaletewa paja la kuku huyo, na vipande vya tungule pembeni. Vimekwanguliwa.

Maradhi ya figo yalimwanza Aprili mwaka huu wa 2025. Alipelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani, na kuchutama hakuweza tena. Bi Asya akaishika miche, huku akisemwa kutoka dirishani: "Mwagia shinani, Asya, si majani. Hukoshi vyombo hapo."

Bi Moza alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 18 Septemba, nyumbani kwake, akazikwa siku hiyo baada ya Adhuhuri. Ameacha mume, Mzee Msellem, watoto wawili, Ummkulthum na Suhail, wajukuu, na mke mwenzake. Mwenyezi Mungu amsamehe, alipanue kaburi lake na alitie nuru, alale humo bila ya udhia. Dua na iwe hapa, kwa sababu lililobaki ni la jioni ya Jumatano, nalo Bi Asya halijampita kooni mpaka leo.

Jioni hiyo alikuwa ukingoni mwa kitanda, anamkatia mgonjwa tungule.

"Mbona hukuzikwangua?" Bi Moza akauliza.

"Mimi sina roho yako. Mbegu hizi hapa, zimejaa kiganjani. Lakini sizitaki za kujichukulia. Nshajichukulia moja, kuku akaila. Nataka unipe wewe. Umempa hata mpita njia, Moza. Mimi nilikukosa nini?"

Bi Moza akacheka mpaka akakohoa. "Hukunikosa kitu."

"Basi?"

"Basi wewe mjinga, Asya. Waliopewa mbegu, nani umemwona akirudi hapa? Wewe kila asubuhi unavuka ua umenuna. Unakaa, unanisema, unakula, unaondoka jua limeshapanda. Ningekupa mbegu, hiyo asubuhi ungekuja kwangu kufanya…"

"Hodi humu." Mlango ukasukumwa, Mzee Msellem akaingia na kikombe cha uji.

Bi Moza akavuta kanga kichwani. "Karibu, baba Suhail," akasema, na Bi Asya akainuka kumpisha.