Barabara Waliyoikariri

Wasikilizaji wapendwa, kama una kitu jikoni punguza moto, kisha sogea karibu na redio. Leo namkumbuka mtu, na nawaambia mapema kwamba nina hasira. Nilijaribu kukiandaa kipindi hiki kwa sauti ya upole, ile mliyoizoea. Nimeshindwa, mtanivumilia.

Tumemzika wiki iliyopita. Alikuwa sajini jeshini, mkufunzi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha askari kutambua mabomu yanayotegwa kando ya barabara. Narudia, maana wengi mnachanganya: hakuwa mtegua mabomu. Wategua mabomu ni watu wengine, wana vifaa vyao. Yeye alifundisha jicho. Ukiona kitu hukielewi, simama. Usiguse. Rudi nyuma, zuia wengine wasisogee, waite wataalamu. Ndiyo hayo tu, na hayo tu yanatosha kumrudisha mtu nyumbani akiwa na miguu yake.

Kambini walimwita Umeona Nini, kwa sababu hakuwa na swali jingine. Askari akisimama ghafla njiani, yeye huuliza, "Umeona nini?" Akipita bila kusimama, swali ni lile lile. Mjane wake aliniambia hata nyumbani hakupumzika.

"Nikihamisha sufuria tu, anasimama mlangoni," mama alisema. "Ananiambia, hapa pamebadilika kitu. Namjibu, kilichobadilika ni kwamba mchele umeisha, nenda dukani."

Alicheka kidogo akijifuta macho.

Basi huyu bwana alijenga barabara. Nyuma ya jiko la kambi palikuwa na uwanja wa bure, majani tu. Akachonga njia kwa jembe, yeye na askari wachache. Akaweka kalvati ya kupitisha maji. Akaburuta gari bovu lililoungua, akaliacha kwenye kona. Akamwaga takataka huku na kule, akafukia makopo. Makopo yasiyo na madhara, yenye king'ora kidogo tu ndani. Ukilikanyaga linalia, na wewe unahesabiwa umekufa. Askari wanaokwenda kulinda misafara lazima wapite hapo, watambue makopo yote, ndipo wafaulu.

Na walifaulu. Kozi baada ya kozi, walifaulu wote. Wakubwa walifurahi, na mwenyewe alifurahi, kwa nini nimfichie? Aliipenda ile njia kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Sasa sikilizeni hapa.

Sajini alikuwa na binti, mtoto wake wa pekee. Binti naye ni askari, dereva. Akapangiwa kozi ya baba yake. Nyumbani ni baba, kambini ni afande, na wote wawili walilishika hilo vizuri. Siku ya kwanza njiani, kabla hawajafika kwenye kona ya gari bovu, binti akanyoosha mkono juu. Kikosi kizima kikasimama.

"Umeona nini?" baba akauliza.

"Sijaona kitu, afande."

"Sasa umesimama kwa nini?"

"Kopo liko pale nyuma ya tairi, afande. Kila mtu anajua."

Binti aliniambia baba yake alikwenda akakaa juu ya boneti ya lile gari. Akamuuliza polepole, kama mtu anayeulizia habari za mgonjwa, tangu lini.

"Nikamwambia ukweli. Wanaomaliza huwaambia wanaoingia. Hata mpishi anajua yalipo. Akanitazama. Akasema, mwanangu, hawa niliowapeleka huko walikuwa hawajui kitu. Kambini alikuwa hajawahi kuniita mwanangu."

Mmeelewa, wasikilizaji wapendwa? Askari walikuwa wamekariri barabara moja. Barabara ya nyuma ya jiko. Wakitoka pale wanakwenda kwenye barabara ambazo hakuna wa kuwanong'oneza, na huko kwenyewe hakulii king'ora.

Sajini akahamisha makopo asubuhi. Kufikia jioni habari zilikuwa zimeenea bwalo zima. Akayahamisha tena, ikawa vile vile. Ndipo akaelewa kwamba kasoro haikuwa kwenye makopo. Njia yenyewe ni fupi, imekufa, haina watu. Askari hawezi kujua kitu kimekaa ovyo kama hajui kikikaa sawa kinakuwaje. Wanatakiwa watoke nje ya uzio, watembee kwenye mitaa ya kweli kwa wiki nyingi. Wajue muuza mkaa hukaa wapi, watoto hupita wapi, gari gani huegeshwa siku zote na lipi ni geni. Siku muuza mkaa hayupo na watoto hawapiti, moyo uwashtuke wenyewe.

Akaenda kwa mkuu wa mafunzo kuomba ruhusa. Mkuu akamwambia, "Sajini, watu wako wanafaulu wote. Unalalamika nini?" Akarudi mara ya pili. Akarudi tena na tena. Alikuwa anampigia mbuzi gitaa.

Halafu, na hapa naomba mnishike mkono, wakaiwekea ile njia lami. Ndiyo, lami. Kulikuwa na wageni wanakuja kuona mafunzo yanayofaulisha watu wote, na ile njia ya vumbi ilionekana aibu. Wakaweka lami, wakapaka mawe ya pembeni chokaa, wakazoa takataka zake zote. Mtu anafundishwa kutambua ardhi iliyochimbwa upya, nyie mnamwaga lami. Hata mtoto wa chekechea angeliona kopo pale, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichobaki. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Sajini akafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika kambini. Akafelisha darasa zima, binti yake akiwemo. Walitambua makopo yote, akawafelisha wote.

Mjane wake anasema usiku ule alikula vizuri. "Akaniambia, mama, mwanao kafeli, hawezi kwenda. Tukalala usingizi."

Wakubwa hawakulala. Wakamhamishia stoo ya mahema, akakunje na kukunjua. Wakaleta mkufunzi mwingine. Darasa likarudia mtihani pale pale juu ya lami, na wote wakafaulu. Tangu hapo shinikizo la damu halikumwacha. Lakini kila Jumapili alimchukua binti yake wakatembea mjini kwa miguu, wamevaa kiraia.

"Tunafika mtaa mmoja, ananisimamisha, ananiuliza umeona nini," binti aliniambia. "Namwambia, fundi cherehani leo hajafungua. Ananiuliza kwa nini. Nasema sijui. Ananiambia, usipojua usipite, kaulize kwanza. Tulikuta kumbe mke wake amejifungua. Baba akafurahi, akampa mkono. Nilikuwa nimeanza kuona. Lakini nilikuwa nimeanza tu. Kila Jumapili nilimuuliza, je, nimeiva? Akasema bado."

Kiharusi kilimkuta stoo, katikati ya mahema. Hakuamka tena.

Mazishini mkuu wa mafunzo alisimama akamsifu. Alisema marehemu ameacha pengo, na kwamba katika miaka yake yote ya ukufunzi hakuna askari hata mmoja aliyefeli. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimekaa karibu na mjane. Akaniinamia sikioni akasema, "Kuna darasa alilifelisha. Mbona hawalitaji?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa mama, kwa binti, na kwa askari wote waliowahi kuulizwa lile swali na mtu aliyewapenda. Mungu ampumzishe. Na wewe unayenisikiliza, popote unapofanyia kazi, jiulize leo: hao unaosema wamefaulu, wamejua, au wameambiana? Na wewe mwenye uwezo wa kufungua lile geti la kambi ili askari watembee mitaani wajifunze, sikutaji. Unajijua. Fungua.

Nilipokwenda kuaga msibani, mama alinisindikiza mpaka nje. Akasema, "Wenzangu watoto wao wakifaulu wanashukuru. Mimi niliomba wangu afeli tena."

Binti ameondoka jana asubuhi na msafara. Wamempa gari la mbele.