Aliyefungiwa Nje

Mama Kidoti: Haloo? Nani mwenzangu?

Baba Kidoti: Mimi.

Mama Kidoti: Mimi nani? Namba hii siijui.

Baba Kidoti: Mimi Baba Kidoti, jamani! Hata sauti yangu—

Mama Kidoti: Sauti yako inavuma kama uko ndani ya mashine ya kusaga. Uko wapi?

Baba Kidoti: Kazini, chumba cha seva. Mafeni hayo. Ngoja nitoke koridoni. (mlango unafungwa) Sasa je?

Mama Kidoti: Afadhali. Simu yako iko wapi?

Baba Kidoti: Imeisha chaji. Hii ya mwenzangu, na salio lake la kubahatisha, kwa hiyo tufanye haraka. Hamjambo? Kidoti?

Mama Kidoti: Hatujambo. Amelala. Mimi niko kwenye cherehani, nina gauni la mteja chini ya sindano. Haya, sema. Tangu unioe hujawahi kunipigia saa za kazi kunisalimia.

Baba Kidoti: Naomba unisaidie kitu kidogo tu. Kwenye ile kompyuta ya chini ya meza ya kukatia.

Mama Kidoti: Mke mwenzangu?

Baba Kidoti: (anacheka) Huyo huyo.

Mama Kidoti: Usicheke. Juzi nimemgusa na ufagio ukaniwakia kama nimemuua mtu. Leo unaniruhusu nimshike?

Baba Kidoti: Leo nakuomba. Huku kazini wamefunga njia za mtandao za kutoka nje, siwezi kuifikia. Washa skrini.

Mama Kidoti: Kuna nini? Picha za mtoto zimepotea?

Baba Kidoti: Hapana, ziko salama. Kuna namba moja imefungiwa. Tunaifungulia, unarudi kwenye gauni lako.

Mama Kidoti: Namba ya nani?

Baba Kidoti: Namba ya mtandao tu. Washa—

Mama Kidoti: Baba Kidoti. Nimekuuliza ya nani.

Baba Kidoti: Ya… ya kwangu. Nilikosea paswedi, mashine ikanifungia.

Mama Kidoti: Wewe ukosee paswedi! Wewe uliyenisimanga wiki nzima niliposahau yangu!

Baba Kidoti: Si kila mtu hukosea?

Mama Kidoti: Hmm. Nimewasha. Skrini nyeusi, kimstari kinakonyeza.

Baba Kidoti: Safi. Kuna programu ya ulinzi humo. Mtu akikosea paswedi mara kadhaa, inamfungia mlango na kumwandika. Sasa andika ninavyokutajia.

Mama Kidoti: Si ulisema humo hapenyi mtu? Picha za mwanangu haziendi kwenye mitandao ya watu, zinakaa chini ya meza yetu, tunaziona mimi na wewe basi. Programu za bure, huria, sijui nini, kila mtu anaweza kuzikagua hazina hila. Maneno yako hayo.

Baba Kidoti: Hazina hila.

Mama Kidoti: Programu hazina. Nakuuliza mwenye programu.

Baba Kidoti: Mke wangu, salio! Andika: efu, a, i, eli, namba mb— (laini inakwaruza) —halafu kistari, halafu—

Mama Kidoti: Unakatakata. Halafu nini? Amri yenyewe ndefu kama treni. Acha, nimeshakuona wewe unavyofanya. Unabonyeza mshale wa juu, amri zako za zamani zinarudi zenyewe.

Baba Kidoti: Usibonyeze mshale wa juu!

Mama Kidoti: Kwa nini?

Baba Kidoti: Utavuruga.

Mama Kidoti: Nimeshabonyeza.

Baba Kidoti: Mama Kidoti, hebu—

Mama Kidoti: Kimya. Nasoma. Hapa kuna Kiingereza chenu hicho, cha kuongeza mtumiaji. Halafu jina. "Bimkubwa." Haloo? Simu imekata au ni wewe?

Baba Kidoti: Ni mimi.

Mama Kidoti: Bi Mkubwa unamwita mtu mmoja tu duniani. Mama yako.

Baba Kidoti: Nisikilize kwanza—

Mama Kidoti: Umemfungulia mama yako mlango. Namba iliyofungiwa si yako, ni yake. Na mimi umeniinamisha chini ya meza, pini mdomoni, nimfungulie kwa mkono wangu bila kujua!

Baba Kidoti: Ningekuambia.

Mama Kidoti: Lini? Kidoti akiolewa? Yule yule aliyesimama sebuleni kwangu, mtoto hata kitovu hakijadondoka, akamgeuza shavu kama anachagua nyanya sokoni. Eti, "Hiki kidoti kimetoka wapi? Kwetu hakipo." Mbele ya dada zako!

Baba Kidoti: Alikosea.

Mama Kidoti: Kukosea ni kutia chumvi mara mbili. Yule aliniita malaya, kwa adabu, kikombe mkononi. Nikasema nini siku ile?

Baba Kidoti: Hatamwona mtoto. Hata picha.

Mama Kidoti: Na wewe ukasema?

Baba Kidoti: Nikasema sawa.

Mama Kidoti: Ukasema sawa. Halafu ukaja kuinama hapa. (laini inakwaruza) Ala! Na hii je? Nimepanda juu tena, kuna amri nyingine ina "bimkubwa". Nabonyeza enta.

Baba Kidoti: Usi—

Mama Kidoti: Yanamiminika. Majina ya picha za Kidoti, na tarehe. Ni nini hiki?

Baba Kidoti: Ni kumbukumbu ya hiyo kompyuta. Kila picha inayofunguliwa inaandikwa, na aliyeifungua.

Mama Kidoti: Kwa hiyo haya ndiyo aliyoyatazama. "Kidoti anaoga." Kisha "baba mchanga", hiyo ni ile yako ya zamani, uko uchi kwenye beseni. Kisha Kidoti. Kisha wewe. Kidoti, wewe. Kidoti, wewe. Baba Kidoti, mama yako anapima.

Baba Kidoti: Hizo ni za mwanzoni. Shuka chini uone—

Mama Kidoti: Sishuki! Anaweka mwanangu huku, wewe kule, anapima pua! Kwenye mashine iliyo nyumbani kwangu, inakula umeme wangu!

Baba Kidoti: Najua inauma.

Mama Kidoti: Unajua. Ehe, hapo ndipo nilipotaka tufike. Amri hii si yangu, ni yako. Ulikaa hapa hapa ukasoma nilichosoma mimi sasa hivi.

Baba Kidoti: Ndiyo.

Mama Kidoti: Ukanyamaza. Ukaja mezani ukala, ukanisifia mboga.

Baba Kidoti: Niliona haya.

Mama Kidoti: Haya, au nawe ulikuwa unasubiri majibu ya kipimo?

Baba Kidoti: Mama Kidoti!

Mama Kidoti: Jibu.

Baba Kidoti: (laini inakwaruza) —kupima. Kidoti ni—

Mama Kidoti: Sikusikii.

Baba Kidoti: Nasema sikupima na sihitaji kupima—

Mama Kidoti: Sikusikii!

Baba Kidoti: KIDOTI NI WANGU! Umesikia? Ni mwanangu!

Mama Kidoti: Hapo koridoni wamekusikia.

Baba Kidoti: Wasikie.

Mama Kidoti: Sasa roho yangu itulie kwa sababu umepiga kelele? Haya, niambie, kwa nini ulimfungulia?

Baba Kidoti: Alinipigia analia. Ni mama yangu. Nikashindwa. Nilijua kukuambia ni vita, nikachagua njia ya mwoga.

Mama Kidoti: Angalau hilo umelisema lenyewe. Na leo haraka ya nini? Angengoja ukarudi, ukainama tena wewe mwenyewe.

Baba Kidoti: Kesho alfajiri anaingia chumba cha upasuaji. Jicho. Lile lililobaki.

Mama Kidoti: Wamesema litapona?

Baba Kidoti: Daktari hakumpa ahadi yoyote. Zamu yangu hapa inaisha usiku, nikifika nyumbani atakuwa ameshapewa dawa za kulala. Anataka amwone mtoto kabla. Basi.

Mama Kidoti: Huo si uongo mwingine? Maana leo umenipa uongo mmoja, sijui umebakiza kiasi gani.

Baba Kidoti: Naapa kwa—

Mama Kidoti: Usiape. Ukiapa ndiyo nazidi kushuku. Na nitajuaje ni yeye anayegonga? Pengine kawapa dada zako nao, wakae duara wamchambue mwanangu.

Baba Kidoti: Hilo linaonekana. Ile programu ya ulinzi inaandika kila aliyekataliwa, pamoja na jina alilojaribu kuingilia. Ukiona "bimkubwa", ni yeye. Ukiona jina jingine, mwache nje huko huko, sitakuomba tena.

Mama Kidoti: Umesema mwenyewe.

Baba Kidoti: Nimesema.

Mama Kidoti: Naitoaje?

Baba Kidoti: Mshale wa juu. Ile yenye neno "auth". Ni yangu ya siku nyingi.

Mama Kidoti: Leo mshale wa juu ruhusa! Haya… hii hapa. Enta. Nimeona. Ni asubuhi ya leo.

Baba Kidoti: Ndiyo, alijaribu asubuhi.

Mama Kidoti: Hakuna bimkubwa hapa.

Baba Kidoti: Hakuna? Tazama vizuri.

Mama Kidoti: Natazama kwa macho mawili mazima! Ni jina jingine kabisa. Nilijua tu! Nilijua mmenizunguka ukoo mzi—

Baba Kidoti: Haloo? Mama Kidoti?

Mama Kidoti: Nipo.

Baba Kidoti: Jina gani?

Mama Kidoti: Ngoja, nasoma tena.

Baba Kidoti: Salio, mke wangu. Jina gani?

Mama Kidoti: "Mjukuuwangu."

Baba Kidoti: Rudia?

Mama Kidoti: Limeandikwa "mjukuuwangu". Limekataliwa. Tena "mjukuuwangu". Limekataliwa. Tena.

Baba Kidoti: Jina hilo halipo humo. Sijamfungulia mtu yeyote jina hilo.

Mama Kidoti: Hapa vidole vimeteleza, kaweka "u" kibao. Karudia tena vizuri.

Baba Kidoti: Subiri. Subiri kidogo. Pale mlangoni kuna visanduku viwili. Cha juu unaandika jina, cha chini unaandika paswedi. Lile jicho limefifia sana sasa… Hakuona. Ameandika paswedi kwenye kisanduku cha jina.

Mama Kidoti: Paswedi hii ulimpa wewe?

Baba Kidoti: Ya kwanza nilimpa mimi, akawa anaisahau kila mara. Ndipo nikamwambia achague mwenyewe neno lisiloweza kumtoka kichwani. Na asimwambie mtu, hata mimi.

Mama Kidoti: Hukuwa unaijua.

Baba Kidoti: Nimeijua sasa hivi. Kwako.

Mama Kidoti: (anavuta kamasi)

Baba Kidoti: Unalia?

Mama Kidoti: Pini imenichoma. Ngoja. Narudi kule kwenye picha, nashuka chini.

Baba Kidoti: Kuna nini?

Mama Kidoti: Kidoti. Kidoti. "Kidoti anacheka." "Kidoti anacheka." "Kidoti anacheka." Wewe na beseni lako hammo humo tena, umefutwa kazi.

Baba Kidoti: Nilikuambia ushuke.

Mama Kidoti: Usinianze. Taja hiyo amri ya kumfungulia, na utaje polepole. Hapana, haraka. Salio.

Baba Kidoti: Panda na mshale, utaikuta yenye neno "unban". Namba ya mwisho ndiyo ya kubadili, weka ile iliyoandikwa pembeni ya… ya lile jina.

Mama Kidoti: Nimeiona. Naandika. (kibodi inagonga) Ebo, nimekosea nukta. (kibodi) Enta. Imenijibu moja.

Baba Kidoti: Moja tu?

Mama Kidoti: Moja. Imeharibika?

Baba Kidoti: Haijaharibika. Maana yake mtu mmoja amefunguliwa.

Mama Kidoti: Haya.

Baba Kidoti: Ahsante, Mama Kidoti. Ahsante sana. Ngoja nikate nimpigie nimwambie ajaribu—

Mama Kidoti: Usimpigie.

Baba Kidoti: Eh?

Mama Kidoti: Nitampigia mimi.

Baba Kidoti: Wewe? Utamwambia nini?

Mama Kidoti: Nitamwambia jina linaandikwa kisanduku cha juu. Mengine niachie. Na usijidanganye, sijamsamehe, na wewe ukirudi tuna kikao kirefu.

Baba Kidoti: Sawa. Ila… mama ana shinikizo la damu, usimfokee.

Mama Kidoti: Nimfokee mtu anayekwenda kupasuliwa! Unaniona mimi nani?

Baba Kidoti: Basi, yaishe. Kumbe mwambie na hili: abadilishe paswedi. Ikishaonekana kwenye kumbukumbu si siri tena, mtu yeyote—

Mama Kidoti: Asibadilishe.

Baba Kidoti: Kiusalama, lazima. Hata programu yenyewe—

Mama Kidoti: Nimesema asibadilishe! Aliache hivyo hivyo. (mtoto analia kwa mbali) Umemwamsha huyo na kelele zako. Ngoja nimbebe nimpigie bibi ya—

Baba Kidoti: Haloo? Haloo! Mama Kidoti?