Nehemia Tluway na Kifaa cha Mdomoni Nilichokisingizia

Ndugu Nehemia Tluway, dereva wa huduma za mkoba katika hospitali yetu hapa Karatu, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Aliajiriwa mwaka 1992 akiwa na leseni mpya na koti la kuazima, na anaondoka bila kuwahi kugonga hata mbuzi. Nimeombwa niandike wasifu wake wa kusomwa siku ya kumuaga, kwa kuwa nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili nikiwa dereva mwenzake. Aliyeniomba hakujua kwamba miaka yote hiyo nimekuwa nikimwonea wivu.

Nianze na yanayojulikana. Amepeleka wauguzi na chanjo Nainokanoka, Wasso, hadi Ololosokwan, masika na kiangazi. Amekuwa mfanyakazi bora mara sita. Mimi nimekuwa wa pili mara nne, na wa pili hapa kwetu hapewi hata cheti. Tukiingia kijijini, watoto huliona gari na kuanza kuliimba jina lake. Nikienda bila yeye huanza vilevile, kisha wakiiona sura yangu wimbo unaishia katikati. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, ndivyo wasemavyo. Mimi sikukonda hata kilo moja, ila kidonda nilikuwa nacho.

Mwenzetu alikuwa na mkoromo wa kutisha. Kuna nyumba moja ya wageni kule Wasso ilimpangia chumba cha mwisho, karibu na jenereta, na waliolala jirani wakaomba jenereta liendelee kuwaka. Tulicheka kwa miaka mingi bila kujua kwamba tunacheka ugonjwa.

Agosti 2021, akirudi kutoka Wasso mchana kweupe, alisinzia kwenye usukani pale juu ya kreta ya Ngorongoro. Gari liliacha njia, likaingia kwenye nyasi na kusimama. Muuguzi Soila, aliyekaa pembeni, alidhani wamesimama kupisha nyati. Nehemia angeweza kumwacha adhani hivyo. Kesho yake asubuhi alikwenda ofisini, akaweka ufunguo mezani, akaomba aondolewe barabarani mpaka apone.

Daktari Janeth alimpima na kumweleza kwamba akilala pumzi yake inakatika mara nyingi kila saa, ndiyo maana mchana usingizi unamwelemea. Bila tiba asingerudishiwa gari, na dereva wa miaka hamsini na sita asiye na gari hupelekwa kulinda geti. Kwa muda akapewa kazi ya kubeba maboksi ya chanjo kwenye gari lilelile alilokuwa akiliendesha. Ufunguo nilikabidhiwa mimi. Nakiri kwamba siku hiyo gari nililiosha mara mbili.

Mashine ya kusukuma hewa puani ilimfaa akiwa nyumbani hapa Karatu. Lakini nusu ya mwezi tuko safarini, na kule Nainokanoka umeme wa sola uliokuwepo ulitosha friji ya chanjo tu. Nehemia alikataa katakata kuuchezea umeme wa watoto kwa ajili ya usingizi wake. Hapo Daktari akaanza kutafuta vifaa vingine.

Cha kwanza kilikuwa fulana iliyoshonewa mpira wa tenisi mgongoni, kazi ya fundi Anifa wa sokoni, ili asilale chali. Alilala chali juu ya mpira na kulalamika kiuno wiki nzima. Novemba kikafuata kifaa cha plastiki kilichotengenezwa Arusha, cha kuvaa kwenye meno, kinacholivuta taya la chini mbele ili koo libaki wazi. Akikivaa alionekana kama mtu aliyenuna, lakini alikivaa kila siku bila kukosa.

Kwa kuwa safarini tulilala chumba kimoja, Daktari alinikabidhi daftari. Nilitakiwa kupiga mstari kila pumzi yake inapokatika katika saa mbili za kwanza za usingizi. Kabla ya kifaa kile mistari ilikuwa inazidi arobaini. Siku ya kwanza alipokivaa nilihesabu mitatu. Nikaandika thelathini na minane. Nikaendelea kuandika hivyo wiki tatu, kwa mwandiko mzuri kabisa, maana nilijua kifaa kikifaa ufunguo unarudi kwake. Daktari alisoma, akasikitika, akakiondoa kifaa kwenye tiba yake. Nehemia alikifunga kwenye leso, akaniomba radhi kwa kunikosesha usingizi bure. Aliniomba radhi mimi!

Kilichofuata mnakikumbuka. Daktari alisikia kwamba kupuliza ala ndefu huimarisha misuli ya koo, na Nehemia, asiyekata tamaa, akanunua pembe la tandala kwenye duka la vinyago. Jioni moja alisimama nyuma ya zahanati ya Nainokanoka akalipuliza kwa nguvu zake zote. Haikupita nusu saa, morani wapatao ishirini walikuwa wamefika mbio, mikuki mkononi, wakiuliza ng'ombe wameibiwa wapi. Yeye ni Mwiraki na mimi natoka Kilimanjaro, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba Wamasai wa pale hupuliza pembe hilo kuwaita vijana kwenye jambo zito. Mzee Olais wa kijiji hicho alisema, "Pembe halipulizwi kwa ajili ya koo la mtu mmoja," akamtoza kondoo. Kondoo akachinjwa palepale, akachomwa, na aliyetozwa akapewa nyama ya kwanza. Nimeenda Nainokanoka miaka yote hii na sijawahi kuchomewa hata figo.

Njia ya mwongo ni fupi. Machi 2022 Nehemia alikwenda likizo kwao Mbulu, mashine akaiacha Karatu, akakivaa kile kifaa ili tu mkewe Anitha, anayeishi huko, akione. Siku ya nne Anitha alimpigia simu Daktari kwa hofu: "Daktari, huyu mume wangu hakoromi tena, yaani mpaka namgusa nione kama yupo hai." Nehemia aliporudi alilazwa wodini usiku mmoja na kipimo cha oksijeni kidoleni, na majibu yalitoka mazuri. Daktari akaliweka daftari langu mezani, akanitazama. Kabla sijafungua mdomo, Nehemia akasema, "Noel naye ni mtu wa kusinzia mapema. Labda alihesabu mkoromo wake mwenyewe." Daktari alicheka, nami nikajilazimisha kucheka. Wiki hiyohiyo ufunguo ulirudi kwake, na hatukuligusa tena jambo hilo.

Hilo liliniuma kuliko tuzo zake zote sita. Hata kwa wema alinishinda, na wala hakuwa anashindana.

Mwezi uliopita uongozi ulimwuliza nani arithi gari na safari za Ngorongoro. Aliandika jina langu, akaongeza kwamba mimi ni mwaminifu. Gari hilo nimelitamani miaka ishirini na miwili, lakini neno hilo limenishinda kulibeba. Daktari Janeth, daftari lile niliandika uongo nikijua. Nehemia angeweza kurudi kwenye usukani tangu Novemba, nami nikamfanya abebe maboksi hadi Machi. Uongozi ukiamua ufunguo uende kwa mwingine, dereva mwenzetu Lekoko anazijua njia zote.

Kaka Nehemia, ulinisitiri nami sikukuomba msamaha. Nauomba leo, mbele ya watu wote hawa wanaokupenda. Hospitali inakushukuru kwa kila mama na kila mtoto uliyemfikisha salama. Tunakuombea uzee wa usingizi mnono na pumzi isiyokatika. Wivu bado ninao, sitakudanganya tena, ila heri hii nakutakia kwa moyo wangu wote.

Noel Massawe, dereva