Mzee Kai Anastaafu: Lori Limepata Volti Ishirini na Nne, Jicho Bado

Kwanza nawasalimu nyote wa nyumbani kwa Mzee Kai Tsofa, Mariakani. Dada Dorcas, mkewe, hujambo? Mgongo je, umepoa? Shemeji Changawa, mdogo wake, salamu zikufikie huko huko shambani. Selpher, mkaza mwana, wewe uliyetuletea mihogo ile, nakusalimu pamoja na mtoto mchanga ambaye bado hatujamwona. Na Babu, mjukuu, shikamoo yako nimeletewa, marahaba baba. Sisi wa gereji hapa Changamwe hatujambo, ila tumechoka. Aliyetuchosha ndiye huyu tunayemuaga.

Mzee Kai amefanya kazi hapa miaka thelathini na minne, na anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba. Aliingia akiwa kibarua wa kuosha malori, akajifunza umeme wa magari, na leo hakuna lori la hapa ambalo mkono wake haujapita kwenye waya zake. Ile mvua kubwa ilipofurika mpaka uani na malori yakazima, alivua shati akaingia majini, akayawasha moja baada ya jingine. Alipotoka aliniomba chai. Taulo hakuitaka.

Mimi ni Sarah, Mama Faith, wa jikoni. Aproni zangu zina matundu ya asidi, kwa kuwa mzee huyu hupangusia betri kwa chochote anachokuta kimening'inia. Vikombe vyangu hutia nati. Nikilalamika hunijibu, "Mama Faith, nati haina sumu." Nimeambiwa niandike mambo mazuri tu, na hayo ndiyo mazuri.

Sasa hilo lori. Ni la marehemu babake Rahima, mwenye gereji, lori kuukuu lenye pua ndefu, la volti kumi na mbili. Vipuri vyake vya umeme havipatikani tena, na stoo yetu imejaa vya volti ishirini na nne. Rahima akasema ligeuzwe. Mimi nilidhani ni kuongeza betri ya pili na kufunga boneti. Kumbe kila kinachokula umeme sharti kibadilishwe, la sivyo kinaungua: stata, altaneta, balbu zote, honi, mpaka mota ya waipa. Mzee Kai akasema hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, na akiimaliza ndipo ataenda kupasuliwa jicho.

Maana Mzee Kai ana mtoto wa jicho. La kulia limeshaingia ukungu, la kushoto linafuata. Daktari alimwambia asichelewe. Yeye akasema, "Lori kwanza."

Mwezi wa nane lori likawaka. Tukapiga makofi, nikapika pilau. Asubuhi yake, kimya. Betri moja imekufa, nyingine inachemka kama sufuria yangu. Akafungua waya zote akazifunga upya, likawaka. Siku ya pili, kimya tena. Akabadilisha altaneta. Vile vile. Rahima akamsihi aende hospitali, lori litamngoja.

"Nitalala pale nikiwaza lori," akajibu, "na daktari atanikata vibaya."

Siku ya kliniki ikapita. Akapangiwa nyingine, nayo ikapita. Dada Dorcas, ulinipigia simu ukilia, nami nikalia kwa hasira.

Wiki iliyopita nilimpelekea chai pale kwenye lori. Alikuwa ameziinamia betri, pua karibu iguse. Nikaona waya mwembamba, mwekundu kama pilipili, umefungwa pale betri mbili zinapoungana, halafu unapotelea chini ya kiti.

"Mzee, na huu mwekundu ni wa nini?"

"Upi?"

"Huo, mbele ya pua yako!"

Akanyoosha mkono, akashika hewa.

Aliyeufunga ni Kyalo, dereva. Alitaka kusikiliza mpira kila jioni akilipanguza lori, na redio yake ni ya volti kumi na mbili, basi akaiba umeme wa betri moja. Hiyo moja ikawa inanyonywa, na altaneta ikizijaza zote mbili, ile nyingine inashiba mpaka inatokota. Ati alidhani redio ndogo vile haina ubaya! Nilimkimbiza na mwiko mpaka getini.

Lakini Mzee Kai hakumkemea. Aliketi kwenye kidato cha mlango wa lori, akaniuliza polepole, "Ni mwekundu kweli?"

Nikamwambia ni mwekundu, mzee. Mafundi wa kuchomelea vyuma wakazima mashine.

Tangu waya ule ukatwe, lori linawaka kila asubuhi. Rahima amemwombea nafasi ya kliniki Jumanne ijayo, na safari hii mzee mwenyewe ameitikia mbele yetu sote. Kisha jana namsikia anamwambia Kyalo kwamba akifika nyumbani ataanza na taa za sola za kanisa, halafu ndipo jicho. Jamani! Dada Dorcas, ficha spana. Shemeji Changawa, mshike mkono umpeleke wewe mwenyewe, na akisema kanisa lina giza, mwambie waumini watawasha mishumaa.

Mzee Kai, tunakushukuru kwa malori yote uliyotufufulia na kwa kutotunyima ujuzi wako. Nenda ukapumzike nyumbani, ule ushibe, umlee mjukuu, na Mungu auongoze mkono wa daktari. Ila neno moja nakuomba: Jumanne mkitoka kliniki, kabla hamjapanda gari, mnipigie upesi. Nitakuwa kwenye maombi ya akina mama, lakini simu sitaizima.