Kopo la Sarafu la Mzee Nicanor Oluoch Omolo, 1941–1998

Marehemu Nicanor Oluoch Omolo alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 karibu na Ugunja, wilayani Siaya, akiwa kitinda mimba wa Mzee Omolo na Mama Aoko. Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la saba, akaacha masomo baba yake alipofariki. Walimu wake walimkumbuka kama mtoto aliyesimama mbele ya ramani hata kengele ya kwenda nyumbani ilipolia.

Mwaka 1961 alifika Nairobi, akawa utingo, kisha dereva wa malori ya Bwana Kihara wa Kawangware, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Desemba 1993. Alipeleka mizigo Kampala, Kigali, Bujumbura na Lusaka. Katika kila safari, kabla ya kuvuka mpaka kurudi, alikula mlo mmoja kibandani, akamwuliza jina aliyempakulia, na chenji aliyorudishiwa akaja kuihifadhi katika kopo la majani chai. Hakuchagua sarafu kwa uzuri wala noti kwa ukubwa. Kilichobaki baada ya mlo ndicho alichokuja nacho nyumbani, pamoja na habari za aliyempa.

Alimwoa Caren tarehe 5 Septemba 1970. Wakiwa bado wachumba alimzawadia sarafu ya Zambia, naye Caren, asijue, akaipeleka dukani katika mtaa wa Kisumu Ndogo, Nairobi, kununua chumvi. Mwenye duka alicheka hadi akaita majirani.

"Oluoch, hii hata chumvi hainunui," Caren alimwambia akimrudishia. "Na wewe unataka kunichumbia nayo?"

Harusi ilifanyika hata hivyo. Walijaliwa watoto watatu, wakaishi mtaa wa Mashimoni, Nairobi. Kila mzee alipolifungua kopo mbele ya wageni, mkewe aligeukia jiko lake na kunung'unika kwamba ameanza tena.

Februari 1997 marehemu alipatwa na kiharusi, kikamnyang'anya ulimi na mkono wa kulia. Maradhi aliyavumilia. Lililomtesa ni kwamba habari za watu wale zilikuwa kichwani mwake tu, na sasa zingezikwa pamoja naye.

Jumapili moja Bwana Kihara alikuja kumjulia hali, akatoa sarafu moja koponi, akauliza kwa mazoea ilitoka wapi. Mzee alifungua kinywa, sauti isitoke. Akalisukuma kopo, akageuza uso ukutani.

"Hiyo ni ya Bujumbura," alisema Caren, akiwa amewapa mgongo, akikoroga dagaa wa omena. "Mama aliyempa anaitwa Godeliva. Alimrudishia chenji akilia, mtoto wake alikuwa ameenda jeshi hiyo asubuhi. Huyu akabaki kumsaidia kuosha sahani, lori ikachelewa. Si ulimgombeza, Kihara?"

Bwana Kihara alikiri kwamba alimgombeza, na kwamba sababu hakuwahi kuambiwa.

"Basi chukua ingine," akasema Caren.

Akazisimulia zote, mama ambaye hajavuka mpaka wa nchi hii hata siku moja: majina ya wapishi, vilema vyao, mvua iliyonyesha, mboga iliyoungua. Mzee aligeuka taratibu, akamkodolea macho kama aliyeamka na kulikuta ziwa mlangoni pake.

"Unaniangalia nini, Baba Billy? Ulidhani miaka hii yote nilikuwa nasikiliza omena?"

Tangu siku hiyo majirani, na marafiki kutoka Kawangware hadi Riruta, walikuja kusikiliza. Mzee alichagua sarafu, mkewe akasimulia. Caren alipokosea, kidole cha mkono wa kushoto wa mzee kiliinuka, naye akaanza upya.

Alasiri ya Alhamisi, tarehe 16 Aprili 1998, marehemu alimwekea mkewe kiganjani noti ya Kigali. Hadithi ilipofika katikati, pumzi ya mzee ilikatika. Caren alijua. Hakunyamaza, aliisimulia hadi mwisho, ndipo akatoka kuwaita majirani.

Ameacha mjane, Caren, watoto Billy, Audrey na Christine, mkwe mmoja, Okoth, wajukuu wawili, na rafiki yake, Bwana Kihara.

Mungu amjalie Nicanor Oluoch pumziko lenye amani, na amkaribishe mezani pake.