Ngisi wa Posa ya Shigeno

Sikilizeni, wanangu, na msogee karibu, maana sauti iliyokuwa ikifika mpaka viti vya nyuma sasa haivuki hata pembe ya mto huu wa kichwani nilioulalia. Yasuzo, acha kuitazama saa, nitakufa tu, usiwe na haraka. Na wewe Eikichi, futa hayo machozi, yananitia kinyaa kuliko dawa ya daktari.

Mnajua kazi iliyowalisha. Miaka yote hapa Osaka nilisimama kando ya pazia la sinema nikiwasemea watu wa picha bubu: mama mkwe nikamsemea kwa ukali, bwana harusi kwa majivuno, na binti anayeozwa asikotaka kwa sauti nyembamba inayokatikakatika, mpaka ukumbi mzima ukalia. Nanyi mlikaa mbele kabisa mkilowesha mikono ya kimono, mkisema, "Masikini! Wazazi gani hawa wasio na huruma?" Kisha zikaja picha zinazojisemea zenyewe, nikawekwa kando kama mwavuli mbovu. Hilo sikulichukia, dunia haimngoji mtu. Kinachonichefua ni nyinyi.

Msimu huu wa majani mekundu mlimleta dada yenu Shigeno katika ukumbi wetu wenyewe, mkamkalisha pale ili mtoto wa Bwana Nagao, yule mgawa filamu, amtazame, na mshenga Bi Okane katikati akitabasamu kama paka aliyeshiba. Kutazamana si kosa. Hata mimi na mama yenu tulitazamana hivyo hivyo, yeye akinitupia jicho nyuma ya pepeo lake. Lakini mama yenu aliulizwa, Shigeno hakuulizwa na mtu. Kwenye pazia binti wa watu anaburutwa harusini, nyinyi mnapenga makamasi, taa zilipowashwa, mama wa yule kijana akaushika mkono wa dada yenu, akaugeuzageuza kama anachagua figili sokoni, akasema, "Mifupa mizuri, huyu atazaa." Nawe Yasuzo ukacheka! Ukasema, "Mpole sana, mama, ukimwambia keti anaketi." Ptuu! Yote hayo ili filamu mpya zifike kwako kabla hazijafika ukumbi wa ng'ambo ya barabara. Nyani haoni kundule, kweli waliosema hawakukosea.

Ngojeni... nivute pumzi.

Haya. Zawadi za posa zikaletwa, zikapangwa sebuleni mahali pa heshima: mwani mkavu, pipa la pombe ya sake, mapepeo, na ngisi wakavu waliofungwa kwa uzi mwekundu na mweupe. Kila aliyelelewa vizuri anajua hazionjwi mpaka harusi ipite, kwa sababu posa ikivunjika hurudishwa zilikotoka. Jana mchana nikasikia harufu, nikadhani ni homa inanichezea. Kumbe ndugu wawili mmekaa kwenye jiko la makaa mnamchoma ngisi wa posa ya dada yenu, mnamteremsha kwa sake! "Kula, kaka, harusi si ipo tu?" Ipo wapi, walafi nyinyi? Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mmemtafuna dada yenu kabla hajatoka mlangoni.

Yasuzo, najua unachongoja. Nikikata roho wewe ndiye mkuu wa nyumba, na hakuna wa nyumba hii atakayeoa wala kuolewa bila mhuri wako. Umechelewa. Leo asubuhi, ulipokuwa ukikoroma na pombe yako, karani wa kata amepokea karatasi yenye mhuri wangu: Shigeno ametoka katika nyumba yangu, ameanzisha yake, na mkuu wake ni yeye mwenyewe. Usinitolee macho, mimi ningali hai.

Ukumbi ni wako, uuendeshe. Gramafoni ni ya Eikichi, asiiweke rehani. Nyumba ndogo ya uani alimokuwa akishonea mama yenu ni ya Shigeno, na atakayeingia bila kubisha hodi nitamtokea ndotoni. Kesho mkanunue ngisi wengine, wanono kuliko wale, mkazirudishe zawadi zote kwa akina Nagao, mkapige magoti wenyewe. Bi Okane atawatukana, mumeze, mmeyataka. Jeneza langu litieni lile koti langu la jukwaani, na msinililie mbele za watu. Mmeshalia vya kutosha gizani.

Maji... Basi, yanatosha.

Shigeno, mama, njoo. Mababu wakushike mkono, Buddha akumulikie njia, na usiku wako uwe na usingizi. Mabinti wote wa kwenye pazia niliwapa sauti yangu... wewe sina tena ya kukupa. Kaka zako hawa hapa. Waambie mwenyewe, huyo mtoto wa Nagao, unamtaka?

Eh?

Mimi nimelisikia hilo "simtaki" lako, mwanangu. Sema tena... kwa nguvu. Wa viti vya nyuma hawajasikia.