Simu Isiyoshika Rwamgasa

Kwenye Noah ya abiria ya kutoka Geita, mama aliyekaa mbele yangu alimwonyesha abiria mwenzake, fundi wa simu wa mjini, simu aliyotumiwa na kaka yake aliyeko ng'ambo. Mama alikuwa akimpelekea binti yake Violeth, mjamzito wa miezi minane, huko Rwamgasa.

"Mama, hii Rwamgasa haitashika," fundi alisema. "Mnara wa kule unatumia masafa ya mawimbi ambayo simu hii haina."

"Nitabadilisha laini."

"Tatizo si laini, ni simu yenyewe. Inashika mjini tu."

"Sasa uchungu ukimshika ataniitaje?" Mama akaitazama simu ya fundi. "Yako kule inashika?"

"Inashika."

"Na wewe unakaa mjini. Tubadilishane."

"Mama, humu mna namba za wateja!"

"Ziandike."

Gari liliposimama Rwamgasa, mama alikuwa ameshauziba mlango, mkono ameunyoosha kuidai simu ya fundi.